Kioo Cheusi, Diski Iliyojaa

Laptop iliyogoma kuwaka baada ya kuwekewa Linux pembeni ya Windows huwa bado ina kila kitu ilichokuwa nacho jana yake. Ripoti ya utafiti imo. Picha za msiba wa babu zimo, na mihadhara iliyopakuliwa kwa bando la usiku imo. Hakuna herufi iliyohama. Lakini mwenye mashine anachokiona ni kioo cheusi, mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kwamba partisheni, yaani sehemu ya diski, haipo, na chini yake maneno grub rescue yakifuatiwa na kialama kinachopepesa, kikisubiri mtu aandike kitu asichokijua. Hapo hapo anaamini kwamba imekufa.

Nimeshinda sana kwenye vibanda vya mafundi wa Chang'ombe, Dar es Salaam, na nimeiona hukumu hiyo ikitolewa haraka kuliko inavyostahili. Chang'ombe ni mahali pazuri pa kuliwazia jambo hili. Ukishuka kituo cha Veta, umefika kwenye chuo ambamo vijana wanafundishwa kufungua vitu vilivyoharibika na kuvifunga vikiwa vizima. Jirani kuna DUCE, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kilichoanza mwaka 2005 mahali palipokuwa chuo cha ualimu, na humo wengine wanajiandaa kusimama mbele ya madarasa. Katikati ya hao wanaojifunza kutengeneza na hao wanaojifunza kufundisha, kuelekea Maduka Mawili na vichochoro vya Unubini, ndipo unapoikuta meza ya mbao, taa ya mezani, kopo la skrubu, na kijana aliyeinamia mgongo wa laptop iliyofunguliwa.

Nyingi za laptop hizo zimeshatumiwa na mtu mwingine. Zilikuwa za ofisi fulani huko Ulaya, au zimepitia Dubai, zikafika Kariakoo, na mzazi akajinyima ili mtoto asiende chuo mikono mitupu. Ni mashine imara, zimejengwa kwa kazi za miaka mingi. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine nzima kabisa, yenye kibodi nzuri na kioo kisicho na doa, ikajikuta nje ya mlango. Linux inazipokea mashine hizo bila kuuliza umri wala kudai leseni. Kwa hiyo simshangai mwanafunzi anayeazima flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa mwenzake wa hosteli na kujaribu. Naona ni akili, tena ni ujasiri, na ningependa wajaribu wengi zaidi.

Nilikuwepo siku dada mmoja anayesomea ualimu alipoleta yake. Rafiki yake alimwekea Linux pembeni ya Windows, akaitumia kwa muda, kisha nafasi ikawa ndogo. Akaingia Windows, akafungua sehemu ya kusimamia diski, akaifuta partisheni ya Linux ili arudishiwe gigabaiti zake. Alifanya jambo linaloonekana la busara kabisa: kitu hukitumii, unakiondoa. Alipozima na kuwasha, hakuiona Linux wala Windows.

Fundi aliangalia kioo kwa muda mfupi sana. "Dada, hii tupige windo tu." Alimaanisha kufuta kila kitu na kuweka Windows upya.

"Kaka, ripoti yangu imo humo."

"Hujaiweka popote?"

"Nilikuwa nangoja niweke bando niipandishe kwenye Drive."

Fundi akanyamaza kidogo, akarudia kwamba windo ndiyo dawa. Dada akaivuta laptop upande wake wa meza. "Hapana kaka. Bora ikae hivyo hivyo mpaka nipate mtu wa kuisoma."

Alisema hivyo bila kujua chochote kuhusu namna mashine inavyoamka, na bado alikuwa sahihi kuliko sisi sote tuliokuwa pale. Nitaeleza kwa nini, maana watu wengi hawajawahi kuelezwa.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kwa sekunde za mwanzo Windows haipo na Linux haipo. Inaamka programu ndogo iliyomo ndani ya ubao mama, ambayo mafundi wanaiita bayosi ingawa mashine za miaka hii zinatumia mrithi wake, UEFI. Programu hiyo haijui ripoti wala picha. Inajua mahali pa kuanzia tu. Kwenye mashine za zamani mahali hapo palikuwa sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512: 446 za maelekezo, 64 za jedwali la partisheni nne, na 2 za mwisho za kuthibitisha kwamba sekta ile inaweza kuanzisha kompyuta. Mpango huo ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983. Fikiria diski ya gigabaiti 500, miaka minne ya chuo imo ndani yake, na yote inategemea baiti 512 ambazo mtu hajawahi kuziona wala kuambiwa kwamba zipo.

Linux inapoingia huleta GRUB, programu ya kuchagua mfumo upi uwashwe. GRUB hugawanyika: kipande kidogo hukaa mlangoni, na sehemu yake kubwa, pamoja na menyu na maelekezo yote, hukaa ndani ya partisheni ya Linux. Kile kipande cha mlangoni kinajua jambo moja, kwamba wenzake wako partisheni fulani. Dada yule alipoifuta partisheni, wenzake waliondoka na kipande kikabaki. Ni kama mgeni aliyeelekezwa kwa balozi wa nyumba kumi, akafika na kukuta balozi amehama. Wenyeji wote wapo majumbani mwao, moshi wa jikoni unaonekana, ila mgeni amesimama njiani na hana wa kumuuliza.

Kwenye UEFI mambo ni mepesi zaidi, na hili ndilo ningependa kila mwenye laptop alijue. Diski inakuwa na partisheni ndogo maalumu ya kuanzishia, na ndani yake kila mfumo una folda yake: Windows yake, Ubuntu yake. Ubao mama nao una kumbukumbu ndogo inayotunza orodha ya nani aitwe kwanza. Kuingiza Linux kwa kawaida hakuifuti folda ya Windows. Kunaiweka Linux juu ya orodha. Hata jedwali la partisheni la siku hizi, linaloitwa GPT, lina nakala yake mwishoni kabisa mwa diski, ili la mwanzo likiharibika la pili liwepo. Waliobuni mpango huo walijua kwamba mwanzo wa kitu ndio unaoguswa na kila mtu.

Kuna sababu nyingine za kudhani kila kitu kimepotea, na nyingi hazina hatari yoyote. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine yenyewe isipoambiwa, kwa sababu za usalama. Mtu anaweka Linux, anawasha, menyu inaonyesha Linux peke yake, na anaapa kwamba Windows imefutika. Haijafutika. Mstari mmoja katika faili la mipangilio ya GRUB ukibadilishwa, kisha menyu ikaandikwa upya, Windows inarudi mahali pake kwenye orodha. Hatari ya kweli ipo penye kuhamisha mipaka ya partisheni, hasa kwa mashine ambayo betri yake imechoka na inaishi kwa chaja tu. Umeme ukikatika wakati data inahamishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine, data hiyo haikwami safarini tu. Inaweza kubaki nusu huku na nusu kule. Dar es Salaam hilo si jambo la kufikirika, na anayetaka kugawa diski asianze mpaka ajue betri yake inadumu muda gani.

Na wakati mwingine kosa halipo kabisa kwa mwenye mashine wala kwa fundi. Agosti 13, 2024 Microsoft ilisambaza sasisho la usalama lenye lengo la kuzuia matoleo ya zamani ya programu za kuanzishia, kwa sababu ya tundu la GRUB lililofahamika tangu 2022. Sasisho lile lilikusudiwa lisiziguse mashine zenye mifumo miwili. Likazigusa baadhi. Watu wa nchi nyingi waliwasha Linux wakakuta onyo kwamba jambo fulani limeharibika vibaya, na mashine ikajizima. Linux yao ilikuwa nzima. Windows ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni orodha ya matoleo yanayoaminika, ndani ya kumbukumbu ya ubao mama. Tiba ilikuwa kuzima kwa muda Secure Boot, ulinzi wa ubao mama unaoruhusu programu za kuanzishia zinazoaminika tu, kuingia Linux, kuifuta orodha ile mpya, na kuwasha Secure Boot tena. Mwezi mmoja tu kabla yake, Julai 19, faili moja baya la kampuni ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft yenyewe: ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Huko nako kwa mashine nyingi dawa ilikuwa mtu kukaa mbele ya kompyuta, kuiwasha kwa hali salama, na kuliondoa faili hilo moja kwa mkono.

Nayataja makubwa haya kwa sababu yanaonyesha uwiano ambao macho yetu hayaukubali. Athari inayoonekana ni kubwa mno, chanzo chake ni kidogo mno. Mtu akiona kioo kizima kimekuwa cheusi, akili yake inatafuta sababu inayolingana na weusi huo: diski imeungua, kila kitu kimekwenda. Na dawa kubwa inaonekana ndiyo inayofaa ugonjwa mkubwa. Ndiyo maana kupiga windo kunamridhisha mteja na fundi pamoja. Kuna kazi inayoonekana, asilimia zinapanda kwenye kioo, na mwisho mashine inatoka safi, tupu, inang'aa. Mteja anaondoka na mashine inayowaka, na miaka yake minne ameiacha mezani.

Zamani kosa hilo lilikuwa na nafasi ya kutubiwa. Diski za kuzunguka zikifomatiwa kwa haraka, kinachoandikwa upya ni majedwali. Yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi mwenye subira aliweza kuchukua TestDisk, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier, akazitafuta partisheni zilizopotea na kuzirudisha. Leo mafundi wa Chang'ombe wanabadilisha diski za zamani kuweka SSD kila siku, na wanafanya vizuri, maana laptop ya zamani inakuwa nyepesi kama mpya. Lakini SSD ina tabia nyingine. Mfumo unapofuta au kufomati, huiambia diski kwamba sehemu zile hazina kazi tena, na diski huanza kuzisafisha yenyewe, kimya kimya, ikiwa na umeme tu. Kilichokuwa kinasubiri wiki nzima sasa kinaweza kuondoka ndani ya dakika. Mazoea ya kupiga windo kwanza na kuuliza baadaye yamebaki yale yale, ilhali adhabu yake imekuwa kali mara nyingi zaidi.

Kuna hofu nyingine nayo inastahili kutajwa. Onyo lile huja kwa Kiingereza, kwa herufi nyeupe zisizo na picha, na linamkuta mtu katika saa mbaya kuliko zote. Tanzania imewahi kulifanyia kazi suala la lugha ya kompyuta kwa dhati. Mwaka 2004, mwaka huo huo ambao Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Niliipenda kazi ile na bado naiheshimu. Ila ujumbe wa GRUB wa dharura una ugumu wa pekee: hata kama mtu angeutafsiri wote, faili za tafsiri zingekaa ndani ya diski, mahali ambapo GRUB kwa wakati huo imeshindwa kufika. Lugha ya kumtuliza mwanafunzi pale haiwezi kutoka kwenye mashine. Lazima itoke kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza.

Na pale mezani ilitoka, baada ya mvutano kidogo. Fundi alikuwa na flashi ya Ubuntu, aliyozoea kuitumia kupimia kioo na spika za mashine anazonunua. Akaichomeka, akabonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwashia, akachagua kujaribu bila kusakinisha. Hatua hiyo naiona ndiyo adabu yote ya kazi hii: kuamka kutoka nje ya diski, kuisoma diski bila kuiandika. Windows ilikuwa imezimwa kwa ule mtindo wake wa kujiweka nusu usingizini ili iwahi kuamka, kwa hiyo Linux iliikubali partisheni yake kwa kusoma tu. Ilitosha. Orodha ya mafolda ikajitokeza. Dada akasogea, akanyoosha kidole kwenye kioo bila kukigusa, akasoma majina aliyoyaandika mwenyewe: sura ya kwanza, sura ya pili, dodoso la mwisho, dodoso la mwisho kabisa.

"Hayo hapo," fundi alisema, na nilisikia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefurahi.

Wakanakili ripoti kwenye flashi nyingine kwanza. Kabla ya kugusa chochote kingine fundi akamuuliza kama ana ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kufungia diski, namba ile ya tarakimu 48, kwa sababu kubadilisha njia ya kuwashia huweza kuifanya Windows iudai, na asiye nao hubaki nje ya data yake mwenyewe hata kama diski ni nzima. Laptop ya mkono wa pili ina shida hapo: ufunguo unaweza kuwa kwenye akaunti ya mtu asiyejulikana. Kwa bahati diski ile haikuwa imefungwa; ingekuwa imefungwa, hata mafolda yale wasingeyaona. Akazima, akaingia kwenye mipangilio ya UEFI, akaipandisha Windows juu ya orodha ya kuwashia, akahifadhi. Mashine ikawaka, ikaleta picha ya wadogo zake dada yule wakiwa na sare za shule.

Hakuna kilichosakinishwa wala kilichonunuliwa. Hatua ya mwisho ilichukua muda wa kumimina chai. Ndipo likaja swali la pesa, na kwangu hapo ndipo kiini cha jambo zima kilipo.

Ubao wa bei wa kibanda kile ulikuwa na Windows, Office, antivairasi, kubadili kioo, kubadili kibodi, chaja. Kila mstari ni kitu kinachoonekana. Hakukuwa na mstari wa kusoma. Dada alitoa nusu ya bei ya windo, kwa nia njema kabisa, akisema kaka hujaweka kitu. Fundi aliipokea. Ningekuwa mimi ningeona uchungu, kwa sababu siku hiyo alifanya kazi bora kuliko zote nilizomwona akizifanya, na ndiyo iliyolipwa kidogo kuliko zote. Angefuta kila kitu angelipwa kamili.

Tusimlaumu fundi peke yake, basi. Yeye ana kodi ya kibanda na luku ya kununua, na anafuata mahali ambapo mkono wa mteja unaelekea. Sisi wateja tunalipia asilimia zinazopanda kwenye kioo. Hatulipii ukimya wa mtu anayeangalia kwanza. Ufundi wa kompyuta mitaani kwetu umejengwa na malipo ya namna hiyo kwa miaka mingi, na ripoti nyingi, hesabu za vikoba, picha za watu waliokwisha kufariki, zimepotea kwa sababu kufuta kuna bei na kutafuta hakuna. Vijana wa Veta na wa vibandani wana uwezo wa kujifunza sehemu ya kutafuta. Nimemwona mmoja akiifanya kwa flashi aliyokuwa nayo kwenye droo siku zote.

Niliporudi pale baadaye kuchukua chaja yangu, niliangalia ubao wa bei. Juu ya mstari wa Windows ameongeza kwa kalamu nyekundu: kusoma diski na kuokoa mafaili. Bei ameiweka sawa na ya windo. Nilimwambia kwamba ingefaa iwe kubwa zaidi. Akasema ataipandisha watu wakishaizoea, na kwamba wiki ile walikuwa wameshaiuliza wawili.